Mambo ya Nyumbani: Mafuta ya Kupaka, ya Ardhini na ya Mimea

Wasomaji wetu, katika ukurasa huu tumekwisha kusema habari za maji ya kunywa na habari za usafi wa vyombo. Mwezi huu twataka kusema habari za kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, ambacho watu hukitumia kila siku pasipo kukichungua, nacho ni mafuta ya kupaka mwilini. Nyumba nyingine wana kopo la mafuta ya mgando. Nyingine wana chupa ya mafuta ya nazi, au ya ufuta, au ya alizeti. Na kaskazini ya Uganda wako wanaotumia mafuta ya shea. Kila mtu husifu yake. Mmoja asema, "Mafuta ya mgando yatoka katika petroli, nayo huziba ngozi hata isiweze kupumua." Mwingine ajibu, "Hayo ya mimea ni ya kukaangia, si ya kupaka. Hunuka upesi na kuleta chunusi." Wote wawili husema kwa nguvu, wala hakuna aliyepima.

Kama jambo hili lingekuwa la urembo tu, tusingeandika mengi juu yake. Lakini lina uzito kuliko urembo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, yaani mtoto njiti, ana ngozi nyembamba sana, na mafuta yaweza kumsaidia kuishi, au yaweza kumdhuru yakiwa si ya kufaa. Mtoto mwenye ukurutu hujikuna usiku kucha, na mama yake hupoteza fedha akijaribu kopo hili na kopo lile. Tena yako mafuta ambayo watu hujipaka kwa kudhani ni dawa, kumbe ni sumu. Kwa hiyo twaomba msomaji atufuate polepole, na akipenda ajaribu mwenyewe yale tutakayomweleza, maana aonaye kwa macho yake hana haja ya kubishana.

NGOZI IMEJENGWAJE

Utando wa juu kabisa wa ngozi, ule tunaougusa, umefanywa kwa chembe zilizokwisha kufa, nazo zimepangwa kama matofali katika ukuta. Kati ya matofali hayo pana udongo wa kuyashika, na udongo huo ni mafuta yanayotengenezwa na mwili wenyewe. Ni ya aina 3 hasa: seramidi, kolesteroli, na asidi za mafuta. Ukuta huu ni mwembamba kuliko karatasi, isipokuwa viganjani na nyayoni. Hata hivyo una kazi kubwa mbili. Ya kwanza ni kuyazuia maji ya mwili yasitoke ovyo. Ya pili ni kuvizuia vijidudu na vitu vikali visiingie.

Sabuni kali, maji ya moto, upepo wa kiangazi, na kujisugua kwa nguvu huondoa udongo ule kati ya matofali. Hapo maji ya mwili hupata njia ya kutoka, ngozi hukauka, hupauka, huwasha, na mwisho hupasuka. Na katika nyufa zile vijidudu hupata mlango. Basi mafuta ya kupaka yaweza kusaidia kwa njia mbili: ama kuufunika ukuta juu ili maji yasitoke, ama kuingia kati ya matofali na kuziba nyufa. Swali letu la leo ni hili: mafuta gani hufanya kazi gani?

JAMAA MBILI ZA MAFUTA

Mafuta ya ardhini huchimbwa katika nchi pamoja na petroli na mafuta ya taa, kisha husafishwa mara nyingi hata yakawa hayana rangi wala harufu. Yakiwa mazito huitwa mafuta ya mgando. Yakiwa mepesi hutiwa manukato na kuuzwa kama mafuta ya watoto. Asili yake ni kaboni na haidrojeni tu, nayo ni mapole mno: hayashikani na kitu, wala mwili hauwezi kuyavunja na kuyatumia.

Mafuta ya mimea ni namna nyingine kabisa. Hayo ni glisirini iliyofungamana na asidi za mafuta, na kila mmea una mchanganyiko wake. Katika mafuta ya nazi karibu nusu ni asidi ya lauriki. Katika mafuta ya alizeti ya kawaida sehemu kubwa ni asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huitumia kujengea seramidi zake. Katika mafuta ya zeituni sehemu kubwa ni asidi ya oleiki. Hivyo asemaye "mafuta ya mimea" kana kwamba ni kitu kimoja amekosea tangu mwanzo. Ni kama kusema "nafaka" bila kubagua mtama na mpunga.

Mafundi wa sabuni wajua tofauti ya jamaa hizi mbili. Mafuta ya nazi au ya mawese yakipikwa na magadi makali hugeuka kuwa sabuni, kwa kuwa asidi zake hushikana na magadi. Mafuta ya mgando yakipikwa hivyo kutwa nzima hubaki mafuta ya mgando. Tofauti hiyo ya sufuriani ndiyo iliyo mwilini pia: ya mimea hubadilika na kutumiwa, ya ardhini hukaa kama yalivyo.

MTU ALIYEJICHOMA ILI AUZE MAFUTA

Habari za mafuta ya mgando zaanzia Marekani. Mwaka 1859 yalipochimbwa mafuta huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, kijana mmoja mjuzi wa kemia, jina lake Robert Chesebrough, alikwenda kuyatazama. Akakuta kuwa wachimbaji wanaudhika na nta nyeusi iliyoshika katika vyuma vya pampu, lakini nta hiyo hiyo huipaka juu ya majeraha yao wakisema hupona upesi. Akaichukua, akaisafisha kwa miaka kadha wa kadha, na mwaka 1872 akapata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Akaiita Vaseline.

Yasimuliwa kuwa ili watu waamini, alikuwa akijichoma ngozi kwa moto au kwa asidi mbele yao, kisha akipaka mafuta yake na kuwaonyesha makovu ya majeraha ya zamani yaliyokwisha kupona. Watu walistaajabu, wakanunua. Lakini msomaji mwenye busara atauliza: je, lile jeraha ambalo halikupakwa kitu, lingepona kwa siku ngapi? Hilo halikuonyeshwa. Mwili hujiponya wenyewe, na mwenye kuuza dawa hujitwalia sifa ya kazi ya mwili.

Hata hivyo Chesebrough hakuwa mwongo. Mwaka 1962 George Winter wa Uingereza alijaribu juu ya nguruwe, akaacha majeraha mengine wazi na mengine akayafunika yasikauke. Yale yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa haraka karibu mara 2. Hapo palikuwa na kulinganisha, ndipo jambo likajulikana kwa hakika. Mafuta ya mgando hayana dawa ndani yake. Husaidia kwa kuwa huzuia jeraha lisikauke. Twasimulia haya ili msomaji ashike kanuni moja: onyesho lisilo na kitu cha kulinganisha nacho ni mchezo wa sokoni. Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

MAJARIBIO YA NYUMBANI

Jaribio la kwanza: kung'aa. Tafuta mguu uliopauka. Gawa mahali 4. Pa kwanza paka maji, pa pili mafuta ya kupikia, pa tatu mafuta ya mgando, pa nne usipake kitu. Mara ile ile utaona pale 3 pamekuwa peusi na pameng'aa, nao weupe umetoweka, hata pale penye maji. Sababu yake ni kwamba weupe ule ni magamba madogo ya ngozi kavu yaliyoinuka. Kitu chochote cha majimaji kikijaza nafasi kati yake, mwanga hautawanyiki tena. Ngoja robo saa, na pale penye maji patakuwa peupe kama kwanza. Basi mchuuzi akikupaka kidogo mgongoni mwa kiganja na kusema, "Tazama inavyong'aa," usifungue mfuko wako. Kung'aa si afya ya ngozi, ni habari za mwanga tu.

Jaribio la pili: kuzuia maji. Kata vipande 3 vya kiazi ulaya, vilingane kwa unene na upana. Vifute kwa kitambaa vikauke juu. Cha kwanza kiache vile vile. Cha pili kipake mafuta ya nazi pande zote. Cha tatu kipake mafuta ya mgando pande zote, yawe mengi. Kama una mizani ndogo, pima kila kimoja na kuandika. Viweke kivulini penye upepo siku 2, kisha vitazame na kuvipima tena. Kile kitupu kitakuwa kimesinyaa na kukunjamana. Kile cha mafuta ya mgando kitakuwa kimepoteza maji machache kuliko vyote. Na kile cha mafuta ya nazi, kwa kawaida, kitakuwa katikati. Hili laonyesha kazi ya kufunika, na kwa kazi hiyo mafuta ya mgando hayana mshindani. Lakini kumbuka kwamba kiazi si ngozi hai. Kiazi hakijengi seramidi, wala hakitumii asidi ya linoleiki. Kwa hiyo jaribio hili halisemi neno juu ya kazi ya pili.

Jaribio la tatu: kuchacha. Tia mafuta ya alizeti katika kisahani kimoja, ya nazi katika cha pili, na ya mgando katika cha tatu. Viweke dirishani penye jua, na kila wiki uvinuse. Ya alizeti yatakuwa ya kwanza kunuka. Ya nazi yatakawia. Ya mgando hayatanuka kamwe. Asidi ya linoleiki, ile ile inayoifaa ngozi, ni dhaifu mbele ya hewa na jua, maana ina mahali ambapo oksijeni huishika na kuivunja. Mafuta yaliyochacha huwasha ngozi. Kwa hiyo anayetumia mafuta ya alizeti na anunue machache, ayafunike vema, na kuyaweka mahali penye giza na baridi. Wala asitumie yale yaliyokwisha kukaangia.

Jaribio la nne: miguu miwili. Hili ndilo kubwa, nalo lataka uvumilivu wa siku 14. Mtu mzima mwenye ngozi kavu isiyo na jeraha apake mguu wa kulia mafuta ya aina moja, na wa kushoto ya aina nyingine, kila jioni baada ya kuoga, kijiko kimoja cha chai kila mguu, wala asibadilishe. Aandike katika karatasi mguu upi ni wa mafuta yapi, na karatasi aifiche. Siku ya kumi na tano, asubuhi kabla ya kupaka, amwite mtu asiyejua habari hiyo, amwambie, "Tazama miguu hii, upi ni laini, upi una magamba?" Jibu la asiyejua ni la kweli kuliko jibu la mwenye kopo, kwa kuwa mwenye kopo hupenda alichonunua.

WALIYOYAONA WAGANGA

Waganga wa ngozi wamefanya majaribio kama hayo kwa watu wengi na kwa vyombo vya kupimia. Huko Ufilipino, mwaka 2004, ilitangazwa habari ya watu 34 wenye ngozi kavu ya miguu: wengine walipaka mafuta ya nazi, na wengine mafuta ya ardhini, kwa muda wa wiki 2. Wote walipata nafuu, wala hapakuwa na tofauti kubwa kati yao. Basi kwa ukavu wa kawaida, mwenye nazi asihangaike kununua kopo, na mwenye kopo asione haya.

Mwaka 2014 katika nchi hiyo hiyo walitangaza habari ya watoto 117 wenye ukurutu, waliopakwa kwa wiki 8. Hapo tofauti ilionekana: alama za ugonjwa zilipungua kwa sehemu 68 katika 100 kwa waliopakwa mafuta ya nazi yasiyochemshwa kwa moto mkali, na kwa sehemu 38 katika 100 kwa waliopakwa mafuta ya ardhini. Ngozi yenye ukurutu husumbuliwa na vijidudu, na asidi ya lauriki ya nazi ni adui wa baadhi ya vijidudu hivyo. Lakini hatusemi kwamba nazi ni badala ya mganga. Ukurutu ukitoa usaha, au mtoto akiwa na homa, apelekwe hospitali.

Sasa sikilizeni habari za mafuta ya zeituni, ambayo wengi huyaheshimu na kuyanunua kwa bei kubwa. Mwaka 2013 wachunguzi wa Sheffield, Uingereza, walitangaza walivyowajaribu watu wazima 19. Baadhi yao walipaka zeituni mkono mmoja na alizeti mkono wa pili, kwa wiki 4. Mkono wa alizeti ulibaki imara na kuwa na maji zaidi. Mkono wa zeituni ukuta wake ulidhoofika, na kwa wengine ngozi iliona wekundu kidogo. Asidi ya oleiki huyavuruga yale mafuta yaliyopangwa kati ya matofali. Kwa hiyo twashauri mafuta ya zeituni yabaki mezani, wala yasitumiwe kukandia watoto wachanga.

Habari kubwa kuliko zote yatoka Bangladesh. Katika hospitali ya watoto ya Dhaka, watoto njiti waliozaliwa kabla ya wiki 33 waligawanywa mafungu 3: wa kwanza walipakwa mafuta ya alizeti, wa pili mafuta yaliyofanywa kwa mafuta ya mgando, na wa tatu hawakupakwa. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa wale wa alizeti walipatwa na maambukizo ya hospitali kwa uchache wa sehemu 41 katika 100 kuliko wasiopakwa. Na mwaka 2008 ikatangazwa habari za vifo: vilipungua kwa sehemu 26 katika 100 kwa wale wa alizeti, na kwa sehemu 32 katika 100 kwa wale wa mafuta ya mgando. Tazameni jambo hili: jamaa zote mbili ziliokoa watoto, kila moja kwa njia yake. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022, liliandika kuwa kumpaka mafuta mtoto njiti ni jambo linaloweza kufikiriwa. Lakini hiyo ni kazi ya kufanywa kwa shauri la mganga au muuguzi, kwa mikono iliyooshwa, na pasipo kumsugua mtoto.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake na mwenye afya, mambo ni mengine. Huko Manchester watoto 115 walichunguzwa, na habari yao ikatangazwa mwaka 2016. Waliopakwa zeituni au alizeti walikuwa na maji mengi zaidi katika ngozi, lakini mafuta ya kati ya matofali hayakujipanga vizuri kama ya wale wasiopakwa. Basi mtoto mchanga ambaye ngozi yake ni njema hana haja ya kulowekwa mafuta. Ngozi yake ingali yajijenga, mwacheni aijenge.

MANENO YASIYO YA KWELI

Wengi husema kuwa mafuta ya mgando huziba ngozi isipumue. Twajibu kuwa twavuta pumzi kwa mapafu, si kwa ngozi. Tena mwaka 1992 wachunguzi wa Marekani walionyesha kuwa mafuta ya mgando hayakai juu tu kama kifuniko cha sufuria, bali huingia kati ya chembe za utando wa juu, wala hayaizuii ngozi kujitengeneza. Hata hivyo yakipakwa mazito wakati wa joto kali, huzuia jasho na kuleta harara, hasa shingoni na kwapani mwa watoto. Hapo kosa si la mafuta, ni la mpakaji.

Wengine husema kuwa kitu kikitoka mmeani hakidhuru. Hili nalo si kweli. Mafuta ya haradali, ambayo katika nchi nyingine za Asia watoto hukandwa kwayo, yalionekana mwaka 2002 kuchelewesha kupona kwa ngozi ya panya. Tena kuna kuvu wadogo wanaoishi katika ngozi ya kila mtu, ambao chakula chao ni asidi za mafuta. Wakizidi huleta mba. Mafuta ya mimea yaweza kuwalisha, bali ya ardhini hayana chakula chao. Kwa hiyo mwenye mba asijipake mafuta ya mimea kichwani akidhani anajitibu.

MAFUTA YALIYO HATARI

Hapa twaomba msomaji asome mara mbili. Tuliposema kuwa mafuta ya ardhini ni mapole, tulisema yale yaliyosafishwa sana kwa ajili ya mwili. Yasiyosafishwa ni adui. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wasokotaji walirushiwa mafuta ya mashine kila siku, nayo yakalowesha nguo zao mapajani. Mwaka 1922 waganga wa Manchester, Southam na Wilson, walitangaza kuwa baadhi ya watu hao walipatwa na saratani ya ngozi ya sehemu za siri. Hata mwaka 1953 ikaamriwa kwa sheria kuwa mashine hizo zitiwe mafuta ya mimea, au ya wanyama, au ya ardhini yaliyosafishwa barabara. Hata leo shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo Lyon, Ufaransa, huyahesabu mafuta ya ardhini yasiyosafishwa vema kuwa miongoni mwa vitu vinavyojulikana hakika kuleta saratani.

Kwa hiyo, msipake oili chafu ya gari juu ya upele au choa, ingawa jirani atasema ilimponya. Wala msipake mafuta ya taa kichwani kwa kuua chawa. Huunguza ngozi, na moto ukiwa karibu huteketeza mtu.

Tena, mtu akiungua, msimpake mafuta ya namna yo yote kwanza. Mafuta hushika joto ndani. Mmwagilieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mfunikeni kwa kitambaa safi na kumpeleka kwa mganga.

Msitie mafuta puani wala mdomoni mwa mtoto mchanga, yawe ya mgando au ya nazi. Yakiingia mapafuni huleta ugonjwa mbaya wa mapafu.

Shuka na nguo zilizojaa mafuta hushika moto kwa haraka, hata zikifuliwa mabaki hubaki. Mwenye kujipaka sana na akae mbali na jiko.

Na mwisho, mafuta peke yake si kinga ya jua. Ndugu zetu wenye ualbino wasidanganywe kwa chupa ya nazi wala kopo la mgando. Wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, na mafuta maalum ya kuzuia jua. Huko Moshi, katika chuo cha waganga wa ngozi kilicho karibu na hospitali ya KCMC, hutengenezwa mafuta ya namna hiyo yaitwayo Kilisun kwa ajili yao.

SHAURI LETU

Msomaji atauliza: basi ninunue yapi? Twajibu hivi. Kwa nyayo zilizopasuka, mikono ya mfuaji, na midomo ya wakati wa kipupwe, tumia mafuta ya mgando, maana kufunika ndiyo kazi inayotakiwa. Kwa mwili mzima wenye ukavu wa kawaida, mafuta ya nazi au ya alizeti yaliyo mabichi na safi yatosha. Kwa uso wenye chunusi, acha mafuta mazito yote. Mafuta mapya yo yote yajaribu kwanza ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku 7. Pakiwasha au pakivimba, yaache.

Paka mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu, kwa kuwa mafuta hayaleti maji, huyahifadhi tu. Mwenye kupaka juu ya ngozi iliyokauka amefunga mlango baada ya mgeni kutoka.

Tena jifunze kusoma kopo. Majina huandikwa kwa Kilatini, na lililotangulia ndilo lenye wingi. Petrolatum ni mafuta ya mgando. Paraffinum Liquidum ni mafuta mepesi ya ardhini. Cocos Nucifera ni nazi. Helianthus Annuus ni alizeti. Sesamum Indicum ni ufuta. Parfum ni manukato, nayo ndiyo yawashayo watu wengi. Mara nyingi kopo lenye picha ya nazi mbele, nyuma lina Paraffinum Liquidum mwanzoni na nazi mwishoni kabisa. Hilo si sumu, lakini si haki kulilipia bei ya nazi.

Mwenye kufuata haya atapunguza gharama, na watoto wake watalala. Waliofanya jaribio la miguu miwili na watuandikie walichoona, hata kikiwa kinyume cha maneno yetu. Mwezi ujao tutasema habari za sabuni: kwa nini nyingine hukausha ngozi, na jinsi ya kumwogesha mtoto pasipo kumwondolea mafuta yake mwenyewe.